Bakuli la Mjomba: Je, utajiri wa mmoja ndio umaskini wa wengine? Uchambuzi wa kisa cha kangomba katika kijiji kimoja cha Mtwara

Kuhusu kisa hiki

Mambo yanayoelezwa hapa, ya kangomba, yaani fedha anazokopeshwa mkulima na kuzilipa kwa korosho, yalitokea katika kijiji kimoja cha mkoa wa Mtwara kati ya Februari 2018 na mwisho wa mwaka 2020. Majina ya watu, ya kijiji na ya chama cha msingi yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mkulima nitamwita Bi. S. Mfanyabiashara nitamwita Mjomba, kwa sababu ndivyo kijiji kizima kilivyomwita, ingawa wapwa zake wa damu hawafiki kumi. Katika jamii ambayo mjomba ndiye anayekimbiliwa mambo yakiharibika, jina hilo lina uzito wake, na mwenye kubebeshwa alilifahamu vizuri.

Mimi niliingia kijijini nikiwa mkufunzi wa utunzaji wa vitabu vya hesabu wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. Kwa hiyo nimepitia daftari za chama, nimekaa na Bi. S. mara nyingi barazani kwake, na nimesoma daftari moja la Mjomba ambalo alinionyesha mwenyewe kwa hiari yake. Nilifika nikiwa na jibu mfukoni: kwamba huyu amenona kwa sababu wale wamekonda. Uchambuzi huu ni maelezo ya namna jibu hilo lilivyosimama mahali pamoja na likaanguka mahali pengine.

Mazingira

Korosho humpa mkulima wa Mtwara fedha mara moja kwa mwaka. Mikorosho huchanua katikati ya mwaka, huvunwa kuanzia Oktoba hadi kuelekea Januari, na miezi iliyobaki ni ya kutoa bila kuingiza: kufyeka na kupalilia shamba, kisha kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga wakati maua yanatoka. Shamba lisilopuliziwa wakati huo hulipa kidogo, na kila mkulima anajua. Januari hadi Machi ndiyo miezi migumu zaidi, kwa maana mahindi bado mabichi, akiba ya muhogo imepungua, na shule zimefunguliwa zikidai sare na michango.

Tangu msimu wa 2007/08 korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo AMCOS, mzigo unapimwa kwa mizani na kupangwa daraja, unapelekwa ghala kuu, unauzwa kwa mnada, na malipo yanarudi kupitia benki. Mfumo huu ulimwondoa mkulima kwenye kupunjwa na mnunuzi aliyekuwa akija na mizani yake mwenyewe. Haukugusa, hata hivyo, tatizo la mtu anayehitaji laki mbili mwezi Februari wakati korosho zake zitakuwa ghalani Oktoba.

Hapo ndipo kangomba inapoingia. Mwenye fedha humpa mkulima fedha taslimu miezi ya shida, na mkulima hulipa kwa korosho msimu ukifika, kwa bei iliyokubaliwa siku ya kukopa, na mara nyingi kwa kupimiwa bakuli au kopo badala ya mizani. Kagera wana ndugu wa biashara hii kwenye kahawa, wanaiita butura. Kangomba imepigwa marufuku miaka mingi, ila marufuku hiyo haijawahi kumletea mtu laki mbili za Februari, na kwa sababu hiyo haijawahi kuimaliza.

Mjomba alianza kwa kuchuuza samaki wakavu kwa baiskeli. Wakati kisa hiki kinaanza alikuwa na duka, Fuso moja, mashamba ya mikorosho ya kununua, na kiti katika bodi ya AMCOS. Fedha alizokopesha hazikuwa zake zote. Sehemu kubwa alikabidhiwa na tajiri wa mjini, ambaye naye alikuwa akimkusanyia mnunuzi mkubwa. Korosho nyingi za Tanzania huondoka nchini zikiwa hazijabanguliwa, kwenda India na Vietnam, na mnyororo huo unaanzia kwenye bakuli la kijijini.

Mfuatano wa mambo

Bi. S. ni mjane mwenye mikorosho sabini na kitu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Februari 2018 mtoto wake wa mwisho alivunjika mguu, na mfupa ukaunga vibaya. Msimu uliokuwa umepita ulikuwa wa bei nzuri mno, karibu shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, lakini fedha zake zilikuwa zimeishia kwenye madeni ya ugonjwa na msiba wa mumewe. Alikwenda kwa Mjomba jioni, kwa sababu, kama alivyoniambia, mchana watu wanaona.

“Shikamoo Mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo, ila huyu mdogo mguu umekataa.”

Mjomba alimpa pole, akaita maji ya kunywa, kisha akauliza ana mikorosho mingapi na kama shamba limefyekwa. Hakuuliza anahitaji kiasi gani. Walikubaliana shilingi 240,000 kwa bakuli 240, yaani shilingi 1,000 kwa kila bakuli, na kwa maneno bakuli moja lilihesabiwa kuwa kilo moja.

Machi ulifanyika mkutano mkuu wa AMCOS. Wanachama wachache, wengi wao wanawake, walipendekeza kila kilo ikatwe shilingi 30 ili uundwe mfuko wa kukopeshana pembejeo na dharura. Mjomba alisimama kuupinga. Aliuliza fedha za chama zimeliwa mara ngapi, akataja miaka, na kila mwaka aliotaja ulikuwa wa kweli. Pendekezo likaanguka.

Juni Bi. S. alirudi kwa Mjomba kutafuta salfa na ujira wa kupulizia. Alipewa vyenye thamani ya shilingi 120,000 kwa bakuli nyingine 120.

Oktoba minada ya kwanza ilikwama, kwa kuwa wakulima walizikataa bei zilizotolewa na wanunuzi. Novemba Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingizwa kusomba mzigo. Pamoja na agizo hilo ulikuja uhakiki: mwenye korosho zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa aonyeshe shamba zilikotoka.

Wakati huo Bi. S. alikuwa ameshavuna kilo 610. Niliomba kuwapo siku ya kulipa deni. Korosho zilimwagwa kwenye turubai chini ya mwembe, harufu ya mabibo yaliyooza ikiwa bado imeshika magunia. Bakuli lilikuwa la plastiki ya bluu, limepasuka ukingoni na kushonwa kwa waya. Kijana wa Mjomba alichota, akalundika mpaka kilele kikasimama, akatikisa kidogo korosho zishuke, akaongeza konzi moja juu, ndipo akahesabu. Bi. S. hakusema kitu. Baadaye niliazima bakuli lile na kulipeleka kwenye mizani ya chama pamoja na korosho zilizolundikwa vilevile. Lilipima kilo moja na robo.

Bakuli 360 zikawa kilo 450. Kilo 160 zilizobaki akazipeleka AMCOS.

Mjomba alikuwa amekusanya karibu tani 11 kwa njia hiyo, na alizigawa katika majina tisa ya ndugu na vibarua ili kila jina liwe chini ya kilo 1,500. Wahakiki walipofika waligundua haraka kwamba mawili kati ya majina hayo hayana hata mkorosho mmoja. Mzigo wote ukazuiwa. Baadaye, mwaka 2019, Rais alitangaza kuwasamehe watu wa kangomba ili walipwe, lakini mpaka fedha zinamfikia Mjomba msimu wa kukopesha ulikuwa umeshapita, na tajiri wa mjini alikuwa ameshachukua Fuso.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa Bi. S. wa Februari ndio ambao wageni huudhihaki zaidi, na ndio ninaouona kuwa na hoja nzito kuliko yote. Alijua bei ya msimu uliopita. Alijua bakuli si kilo. Aliniambia aliyapiga mahesabu njiani akiwa anakwenda, na alipofika mlangoni kwa Mjomba alikuwa ameshajua kwamba atapoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Kwenye upande wa pili wa hesabu kulikuwa na mtoto ambaye angekuwa kilema. Benki isingemsikiliza bila hati ya shamba. Kaka zake walikuwa na njaa kama yeye. Kusema kwamba angekataa ni kusema kwamba alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mjomba naye alikuwa na sababu za bei yake. Katika daftari aliyonionyesha, kati ya watu 41 aliowakopesha msimu wa nyuma yake, tisa hawakulipa kikamilifu: mmoja alihama, wengine mashamba yao yaliungua au hawakupulizia. Fedha za tajiri wa mjini alizipata kwa riba. Na biashara yenyewe ikiwa imepigwa marufuku, mdaiwa akikataa kulipa hakuna baraza la kumshitaki. Haya yote yanaongeza bei ya fedha. Nilipomuuliza kwa nini basi atumie bakuli, kwa kuwa hatari zote hizo tayari zimo katika ile shilingi 1,000, alicheka akasema bakuli ni la zamani, alilikuta. Jibu hilo ndilo pekee ambalo sikuliamini siku ile.

Uamuzi wa wanachama wa kuukataa mfuko ulitokana na kumbukumbu ya fedha zilizoliwa. Nimesoma mihtasari ya nyuma, na wizi huo ulitokea. Lakini katika daftari la mahudhurio nilikuta jambo jingine: kati ya waliopiga kura ya kuukataa, angalau 14 walikuwa na deni kwa Mjomba siku hiyo. Sidhani aliwaambia lolote. Mwenye deni haambiwi.

Matokeo

Bi. S. alilipwa kilo 160 kwa shilingi 3,300, yaani shilingi 528,000, na fedha ziliingia Januari 2019. Ukijumlisha na 360,000 alizokwisha kupokea, msimu ulimpa shilingi 888,000. Mguu wa mtoto ulinyooka.

Februari 2019 Mjomba hakuwa na fedha za kumkopesha mtu yeyote. Kwa hesabu ya haraka, kama utajiri wake ndio uliokuwa ukiwafanya wenzake maskini, huo ndio mwaka ambao kijiji kingepumua. Nilikuwapo Februari ile. Duka lake lilikuwa na rafu tupu, na watu walikuwa wakisafiri nusu siku kutafuta wa kuwakopesha katika kata nyingine, wakirudi na masharti mabaya zaidi kwa sababu huko hawakujulikana. Familia mbili zilitoa watoto shule. Bi. S. aliungana na wanawake wengine 27 wakaanzisha kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa fedha walizolipwa Januari, lakini mfuko ulikuwa mchanga, na Juni aliweza kupata salfa ya sehemu tu ya shamba. Alivuna kilo 340. Bei ya mnada ya msimu huo ilikuwa chini ya ile ya mwaka uliotangulia, na ingawa zote zilipitia AMCOS bila bakuli hata moja, alipata kidogo zaidi ya laki nane. Mjomba alikuwa amefilisika nusu, na Bi. S. hakuwa ametajirika hata robo.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2020. Kikoba kilikuwa kimeingia msimu wa pili na kilikopesha Februari kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, ambayo si ndogo, lakini mkopaji anaijua na inagawanywa kwa wanachama mwisho wa mzunguko. Machi mkutano mkuu ulipitisha makato ya shilingi 30, baada ya kukubaliana kwamba mfuko uwe na akaunti yake, watia saini watatu kutoka vitongoji tofauti, na salio lisomwe kwenye kila mkutano. Mjomba, ambaye alikuwa amelipwa na kurudi kwenye biashara, alitoka na bei mpya: shilingi 1,700 kwa kilo, na kilo ya mizani. Hakuna aliyemlazimisha. Bi. S. hakumhitaji, alipulizia shamba zima na kuvuna kilo 570. Jirani yake mmoja alichukua fedha za Mjomba kwa bei hiyo mpya, akaniambia ni nafuu kwake kuliko kuomba kikundi kimjadili.

Uchambuzi

*Kulinganishwa na nini?*

Ugomvi mwingi juu ya matajiri na maskini ni ugomvi wa vipimo viwili vinavyotumiwa na watu wawili bila kuambiana. Chukua msimu wa kwanza wa Bi. S. Jirani yake mwenye shamba linalolingana, ambaye hakukopa na hakupulizia, alivuna kilo 200 hivi. Kwa bei ya 3,300 ni shilingi 660,000. Bi. S. alipata 888,000 pamoja na mguu wa mtoto. Ukimlinganisha na hali ya kutokuwapo Mjomba, alinufaika, na wanaosema biashara ya hiari huwafaa pande zote mbili wana ushahidi wao hapa.

Sasa mlinganishe na hali ya kuwapo mkopo wa kawaida. Hata kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na hata nikimhesabia miezi tisa kamili kwa deni lote, angelipa shilingi 457,200. Mavuno ya kilo 610 yangempa 2,013,000. Angebaki na zaidi ya milioni moja na nusu mkononi, mbali na zile 360,000 alizotumia. Tofauti ya njia hizi mbili ni karibu shilingi 1,028,000, ambayo kwa nyumba yake ni mwaka mzima wa maisha. Kwa kipimo hiki alinyonywa, na neno hilo, ambalo kizazi kilicholelewa na Azimio la Arusha la 1967 kilifundishwa kulitumia kwa kila mwenye mali, hapa linafaa kabisa.

Vipimo vyote viwili ni vya kweli. Kipi kinahusika inategemea swali la tatu: kwa nini mkopo wa kawaida haukuwapo? Kama haukuwapo kwa sababu hakuna aliyeweza kuuleta, Mjomba ni mwenye mwanga hafifu wa taa katika giza kubwa. Kama haukuwapo kwa sababu kuna aliyehakikisha haupo, kisa kinabadilika.

*Umaskini usio na tajiri*

Kabla ya kulijibu hilo, inafaa kukumbuka kwamba mkoa huu umewahi kuwa maskini bila Mjomba yeyote. Mwaka wa mavuno wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 hivi za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Katika kipindi hicho mfanyabiashara binafsi hakuruhusiwa kununua. Mnunuzi alikuwa ushirika au shirika la umma, na wafanyabiashara walirudi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilichoangusha korosho ni watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ndogo ya mkulima, na ubwiri unga. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mikopo miaka hiyohiyo vilisimama, na baadhi vikaishia kuwa maghala. Wazee wa kijiji hiki wanaikumbuka miaka ile kwa kukosa sukari na nguo, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba alikosa kwa sababu jirani yake alikuwa navyo.

Kwa hiyo siwezi kuukubali ule usemi kwamba mali ya dunia ni sufuria moja ya ubwabwa, na kila kijiko cha mwenzako kinapungua kwenye sahani yako. Korosho za Bi. S. ziliongezeka zilipopuliziwa salfa, na salfa ilinunuliwa kwa fedha ya Mjomba. Kilo zile 400 hivi alizomzidi jirani asiyepulizia hazikunyang'anywa kwa mtu, hazikuwapo kabla. Na mwaka 2019 ulionyesha upande wa pili wake: hasara ya tajiri haimwagikii mifuko ya jirani.

*Pale utajiri ulipozaa umaskini*

Hata hivyo kuna mahali pawili katika kisa hiki ambapo mali ya mmoja ilisababisha, kwa maana kamili ya neno kusababisha, upungufu wa wengine.

La kwanza ni mkutano wa Machi 2018. Mfuko wa shilingi 30 kwa kilo ungekuwa mshindani wa Mjomba, na alitumia kiti chake, ulimi wake na ukimya wa wadaiwa wake kuuzuia. Hoja yake ya wizi ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloifanya kuwa hatari: wizi ungeweza kuzuiwa kwa watia saini watatu na salio linalosomwa hadharani, kama ilivyofanyika miaka miwili baadaye, lakini yeye hakupendekeza kuzuia wizi, alipendekeza kutokuwa na mfuko. Tazama kilichotokea mfuko ulipopita: bei ikapanda kutoka 1,000 hadi 1,700 na bakuli likabadilika kuwa mizani, na hatari zote alizonieleza, za wanaohama na mashamba yanayoungua, zilikuwa palepale. Ukikokotoa kwa kilo halisi, awali alikuwa akilipa shilingi 800. Sitaki kusema tofauti yote kati ya 800 na 1,700 ni thamani ya wakulima kukosa pengine pa kwenda, kwa kuwa huenda tajiri wa mjini naye alilegeza masharti. Sehemu kubwa, lakini, ni hiyo, na ndiyo maana jibu lake juu ya bakuli halikuniingia akilini.

La pili ni mikorosho ya bondi, ambayo sikuigusa hapo juu kwa sababu Bi. S. aliiepuka. Familia sita zilizoshindwa kulipa kwa korosho ziliweka miti yenyewe rehani. Masharti yalikuwa kwamba Mjomba avune mpaka deni lirudishwe kwa fedha taslimu, na anachovuna hakipunguzi deni. Familia isiyo na miti itapata wapi fedha ya kukomboa miti? Hapa hakuna kilo iliyoongezeka popote. Kilichohama ni chanzo chenyewe cha pato, kutoka kwa asiye na kitu kwenda kwa mwenye navyo, na kila msimu unaopita umbali kati yao unaongezeka bila yeyote kuwa amefanya kazi zaidi. Kama ningeulizwa kijijini nionyeshe umaskini uliotengenezwa na utajiri kwa mikono yake, nisingeonyesha Fuso wala duka. Ningepeleka watu kwenye mashamba hayo sita.

*Kilichofanya kazi na kilichoshindwa*

Kikoba kilifanya kazi kwa sababu kilikusanya fedha Januari, wakati zipo, na kuzitoa Februari, na kwa sababu wanawake 28 wanajuana mpaka vyungu vya jikoni. Kina mpaka wake: mkulima aliyevuna vibaya misimu miwili hana cha kuchangia, na hao ndio waliobaki wateja wa Mjomba. Mfuko wa chama unawafikia zaidi, lakini hadi mwisho wa 2020 ulikuwa mchanga na ulikuwa haujakutana na mwaka mbaya.

Uhakiki wa 2018 ulimpiga mkopeshaji bila kuweka mkopo mahali pake, na mzigo wa pigo hilo uliangukia Februari ya watu wengine. Marufuku ya kangomba nayo, kama nilivyoiona, inamnyima mkulima baraza la kwenda kulalamikia bakuli, kwa kuwa ukienda kulalamika umekiri kwamba ulishiriki.

Nami nilikosea. Mwaka wa kwanza nilitumia nguvu nyingi kuwaeleza wakulima kwamba wanapunjwa, jambo ambalo walilijua kabla sijazaliwa. Ningeanza na vitabu vya chama. Siku salio liliposomwa kwa mara ya kwanza mbele ya mkutano na likalingana na karatasi ya benki, mzee mmoja alidai lisomwe tena, likasomwa, akakaa. Kura ya shilingi 30 ilipita dakika chache baadaye, Mjomba akiwa ameketi safu ya mbele bila kunyoosha mkono upande wowote.

Yaliyobaki wazi

Kufikia Desemba 2020 familia mbili kati ya sita zilikuwa zimekomboa mikorosho yao kwa mkopo wa kikoba. Moja imekubali kumwuzia Mjomba shamba moja kwa moja. Tatu zimepeleka shauri baraza la kata zikitaka mavuno ya misimu iliyopita yahesabiwe kama malipo ya deni, na kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu mikataba haikuwa ya maandishi. Shahidi wanayemtegemea ni yule kijana aliyekuwa akipima kwa bakuli. Hafanyi tena kazi kwa Mjomba. Sasa anaendesha mashine ya kupulizia salfa ya kukodi, na mashine hiyo Mjomba ndiye aliyeinunua.